Pimo la Faudhia

Sitaki kuzunguka. Nilimwonea Faudhia wivu kwa miaka mitatu, tangu siku ile alipokanyaga baraza ya duka la Mama Aziz akiwa na begi moja la nguo na sauti ya kuita watu watano kwa mpigo. Wapo wanaosema wivu ni ugonjwa wa watu wasio na kazi. Mimi kazi nilikuwa nayo, tena nyingi, na wivu niliubeba humo humo kazini, asubuhi mpaka jioni, huku nakata vitambaa vya watu.

Mama Aziz alikuwa anauza vitambaa Tunduma, mtaa wa nyuma ya barabara kuu, upande ambao malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia yalikuwa yanaegeshwa mpaka yanaziba milango. Barazani kwake palikuwa na cherehani tatu na meza ndefu ya kukatia. Nilianza kwake mwaka 1998, nikitokea kwetu Isongole, msichana wa Kindali niliyefundishwa ushonaji na mama yangu mdogo. Kukata nilijua. Kushona nilijua. Kilichonishinda ni watu.

Mteja wa kwanza kunipa nimpime alikuwa dereva wa lori, mnene, mcheshi, anataka suruali mbili. Nikamzungushia tepu kiunoni, tepu ikadondoka. Nikaiokota, ikadondoka tena. Yule baba akaniangalia akasema, "Dada, unanipima au unaniogopa?" Baraza nzima ikacheka, na vijana wa baiskeli za mizigo waliokuwa wanapita nao wakasimama kucheka, ingawa hawakujua wanacheka nini. Tangu siku hiyo sikumzungushia mtu tepu tena.

Badala yake nikajifunza kupima kwa macho. Mteja akiwa anachagua kitambaa, mimi nipo mezani nimeinama, lakini namtazama: akigeuka naona mgongo, akinyoosha mkono kushika kitenge naona kwapa na kifua, akiinama kuvua kiatu naona hipsi. Nikawa naandika kimya kimya. Mwaka wa kwanza nilikosea inchi moja, inchi mbili, nikafumua na kurudia. Mwaka wa pili sikukosea hata nusu inchi. Waliojua walisema nina kipaji. Kipaji gani? Ulikuwa ni woga tu uliokosa pa kwenda.

Na woga huo haukuishia kazini. Buchani kwa Sadoki nilikuwa natamani nyama ya paja, napanga foleni, nikifika mbele naishiwa maneno, Sadoki ananifungia mifupa na mafuta, naondoka nayo. Nikipanga foleni ya maji, mtu anaweka ndoo yake mbele ya yangu, natazama pembeni kama sijaona. Kanisani nilikuwa nakaa karibu na mlango. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na hakuna mtu nje ya nyumba yetu aliyewahi kunisikia nikimaliza sentensi ndefu.

Sasa mlete Faudhia kwenye maisha ya namna hiyo. Mrangi wa Kondoa, miaka ishirini na minne, amemfuata kaka yake anayefanya biashara ya mchele mpakani. Wiki tatu tu Tunduma, tayari anawasalimia akina mama wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa Kibemba, "Mulishani mukwai!", kwa lafudhi mbovu ambayo ingemfanya mtu mwenye haya ahame mji. Wenyewe wanacheka, wanamshika bega, wanatoa vitenge vyao mifukoni. Mimi nimezaliwa mpakani na lugha zao nazielewa zaidi ya nusu, na sikuwahi kuwajibu hata neno moja.

Mama Aziz akatugawia kazi. Faudhia atapokea wateja na kuwapima, mimi nitakata, kushona tutashona wote. Mgawanyo ulinifaa. Ulinifaa mpaka nilipoanza kusikia watu wanasema "nguo za Faudhia." Mtu anapita na gauni nililokaa nalo siku mbili, kola nimeigeuza mara tatu mpaka ikakaa, na mwenzake anamuuliza, "Hilo la Faudhia?" Naye anajibu, "La nani tena!" Nami nipo hapo hapo, hatua mbili, nimeshika mkasi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba Faudhia hakujua kupima.

Alikuwa anakaza tepu. Anamzungushia mteja, anaongea, anacheka, na huku anavuta mpaka mama wa watu anabana pumzi. Halafu anaandika namba hiyo kwenye daftari kwa mbwembwe zote. "Siri yangu ni kukaza," alikuwa anawaambia. "Wengine wanalegeza, nguo inakuwa gunia. Mimi nakaza ili ikukae." Gauni la kwanza tulilofanya naye lilikuwa la nesi mmoja. Daftari likasema kiuno ishirini na nane. Macho yangu yalikuwa yamesema thelathini na nusu. Nilipanga kumwambia. Nilijipanga asubuhi yote, nikatafuta maneno yasiyomuudhi, na nilipoinua kichwa alikuwa anacheka na mteja mwingine, nikainama tena. Nikakata thelathini na nusu, nikaongeza na nafasi ya kupumua.

Nesi alirudi akizunguka barazani kama bibi harusi. "Faudhia, una mkono wewe!"

"Si nilikwambia?" Faudhia akasema. "Kukaza!"

Basi ikawa hivyo. Yeye anakaza, mimi naongeza inchi mbili, mbili na nusu, bila kusema, na sifa zinakwenda kwake. Nguo mia ngapi sijui. Kadiri zilivyokubali ndivyo alivyozidi kujiamini, na kadiri alivyojiamini ndivyo nilivyozidi kumchukia. Nasema kumchukia, halafu yeye ananiletea sambusa asubuhi na kuniuliza mwanangu aliyekuwa na homa ameamkaje. Hata kumchukia kwenyewe alikuwa ananiharibia.

Januari ya mwaka 2004 Mama Aziz akatuita ndani ya duka. Alikuwa mama wa maneno machache, anakaa kwenye kigoda katikati ya majora ya vitambaa na kikombe chake cha chai ya tangawizi.

"Nafungua duka Vwawa," akasema. "Mmoja wenu atakwenda kulisimamia. Funguo zake, mafundi wake wawili, chumba cha kulala kipo nyuma. Anayelitaka aseme."

"Langu hilo, Mama Aziz!" Faudhia akasema kabla kikombe hakijarudi mezani. "Nipe miezi sita, Vwawa nzima itavaa sisi."

Mama Aziz akacheka kidogo. "Nimemsikia mmoja." Akanitazama mimi. Mimi nilikuwa natafuta uzi uliong'ang'ania kwenye sketi yangu, nautafuta kwa bidii kabisa, na uzi wenyewe haukuwepo. "Haya," akasema. "Nitaamua baada ya Pasaka."

Nililitaka duka lile. Chumba changu, mlango wenye funguo zangu, mafundi ninaowaonyesha kazi, mwanangu anasoma shule ya karibu. Wiki nzima nikawa nafanya mazoezi njiani kutoka nyumbani. "Mama Aziz, na mimi nalitaka lile duka." Maneno saba. Nayasema nikivuka mtaro, nayasema nikipita kwenye malori, na nikiwa peke yangu yanatoka vizuri tu. Jumatatu nikaingia ndani, nikasimama mbele ya kigoda.

"Mama Aziz," nikasema.

"Ee, Tumpe."

"Uzi mweusi umekwisha."

Akaniangalia muda. "Haya, nitaagiza." Nikatoka. Uzi mweusi ulikuwepo, maboksi mawili.

Faudhia aliniona nilivyotoka, na hapo ndipo akaamua kunisaidia. Hilo ndilo sikuweza kumsamehe. Mtu mdogo kwangu kwa miaka mitano, akaacha cherehani yake na kuanza kunipa darasa.

"Dada Tumpe, wewe huna tatizo lolote ila hujiamini. Sikiliza. Ukiogopa macho ya mtu, mwangalie hapa, katikati ya nyusi, hatajua tofauti. Ukifika mahali, uwe wa kwanza kusalimia, huyo wa pili ndiye anakuwa na kazi ya kujibu. Na usianze kila kitu na samahani. Umemkosea nani?"

Akanishika mkono, akanipeleka ukingoni mwa baraza. "Sema: mimi ni Tumpe, fundi."

"Mimi ni Tumpe."

"Fundi! Kwa sauti!"

"Mimi ni Tumpe, fundi."

"Tumesikia, Tumpe fundi!" vijana wa baiskeli wakaitikia kutoka ng'ambo, wakapiga na kengele zao. Faudhia akashangilia, akapiga makofi, akanikumbatia. Nilitamani ardhi inimeze, na nilitamani ikimaliza kunimeza imfuate yeye. Alikuwa ananifundisha kujiamini kwa kutumia ule ujasiri niliomjengea mimi, inchi mbili kwa inchi mbili, kwa miaka mitatu. Nikarudi mezani, nikashika mkasi, machozi yananilenga kwa hasira.

Machi wakaja akina mama wa kwaya. Mwenyekiti wao alikuwa Loisi, mwanamke mrefu mwenye mwili, muuza maharage sokoni, akisema jambo halisemwi mara mbili. Walitaka sare ya Pasaka: magauni marefu ya kitenge cha zambarau, zipu mgongoni, watu ishirini na sita. Mama Aziz akasema mbele yetu wote, "Hii ndiyo kazi nitakayoitazama." Hakuna aliyeuliza anaitazama kwa ajili gani.

Faudhia akawapima siku mbili. Baraza ikawa kama harusini. "Mama mwenyekiti, kiuno hiki unakificha wapi siku zote?" Loisi, ambaye hajawahi kucheka na mtu wa sokoni, akacheka mpaka akajifuta macho. Tepu ikakazwa kwa watu ishirini na sita. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye meza yangu, naona kila mmoja wao, na namba za kweli zinajipanga zenyewe kichwani.

Jumatatu iliyofuata Faudhia akavuka kwenda Nakonde kununua zipu. Nikatandika kitenge, nikafungua daftari. La kwanza lilikuwa la Loisi. Limeandikwa kiuno thelathini na nne. Loisi alikuwa thelathini na sita na nusu, hata kipofu angejua. Nikashika chaki. Nikasema moyoni, hii ni kazi yake, vipimo vyake, na sifa zote zake. Kwa nini nisimwachie na kosa lake?

Nikachora thelathini na nne.

Mkono ulikataa, nasema kweli. Mkasi ulikuwa unataka kutoka nje ya mstari, umezoea. Ilibidi niushike kwa nguvu ili unifuate. Baada ya gauni la tano mkono ukanyamaza, na nilipofika la kumi nilikuwa naimba. Nilikata yote ishirini na sita sawasawa na daftari, bila kuongeza hata upana wa chaki, na mtu angekuja kuniuliza ningemwonyesha daftari. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye kazi ile. Siku kumi tukashona. Faudhia aliyashona mengine kwa mikono yake, akiimba, hakugundua kitu, kwa sababu hakuwahi kujua nguo ya namba zake inafananaje.

Alhamisi kabla ya Ijumaa Kuu wakaja kujaribu. Loisi akaingia nyuma ya pazia wa kwanza. Tukasikia kitambaa kinasugua, tukasikia anahema, kisha, "Hebu njooni mnitoe humu." Mikono ilikuwa imesimama juu, gauni limekwama kifuani. Wenzake wakacheka. Akajaribu wa pili, zipu ikaacha uwazi wa vidole vinne. Wa tatu hivyo hivyo. Alipotoka wa sita hakuna aliyekuwa anacheka.

"Jumapili tunaimba," Loisi akasema. "Tunaimba tumevaa nini? Mafundi, nawauliza ninyi."

Nilikuwa nimeisubiri saa hiyo kwa hamu. Nilitaka nimwone Faudhia akitafuta wa kumlaumu, akibabaika, akisema kitambaa kimesinyaa, akisema aliyekata ni Tumpe. Nilikuwa na daftari tayari chini ya mkono. Faudhia hata hakunigeukia.

"Mama zangu, kosa ni langu," akasema. "Nilipima mimi. Nisameheni, na hamtaondoka hapa bila kujua tunafanya nini."

Papo hapo, mbele ya watu ishirini na sita, kama mtu anayesema ni saa ngapi. Wivu ulionishika hapo ulizidi wa miaka yote mitatu. Hata kukosea alikuwa anakosea vizuri kuliko nilivyoweza mimi kupatia.

Akachukua tepu, akampima Loisi upya. Akakaza. Thelathini na nne. Akalichukua daftari mkononi mwangu, akalitazama, thelathini na nne. Akatazama gauni. Mmoja wa wale akina mama alikuwa amevaa gauni tulilomshonea Krismasi, limemkaa vizuri. Faudhia akarudisha kurasa za daftari mpaka Desemba, akapata jina lake, kisha akapima lile gauni lenyewe, mshono kwa mshono. Lilizidi namba ya daftari kwa inchi mbili na nusu. Akapima tena. Nikamwona anavyoelewa. Ilianza mikononi, ikapanda mabegani, ikafika usoni.

"Dada Tumpe," akasema taratibu. "Hili ulikata kwa namba ipi?"

Nikainama kuokota chaki.

Akakaa kwenye benchi la wateja. "Kumbe sijui kupima," akasema, hamwambii mtu. "Kumbe sijawahi kujua."

Mama Aziz alikuwa ametoka na kusimama mlangoni. Loisi akamgeukia. "Huyu ndiye nasikia unataka kumkabidhi duka la Vwawa? Afadhali hata umpeleke huyo bubu wako, angalau yeye hana makelele."

Mama Aziz akanitazama. "Tumpe. Una la kusema?"

Tazama mahali nilipofikishwa. Duka la Vwawa lilikuwa pale, hatua moja, na nililotakiwa kufanya ili nilipate ni kunyamaza. Kunyamaza! Kitu pekee duniani ambacho hakuna mtu Tunduma nzima angenishinda. Faudhia hakuwa ananitazama hata kunishtaki. Alikuwa anatazama viganja vyake, ameduwaa, na watu wanaongea juu ya kichwa chake kama hayupo. Nilifurahi. Sitasema uongo, nilifurahi kumwona hivyo. Kisha nikaona ile namna ya kukaa, mabega yameingia ndani, macho chini, mtu anasubiri wengine wamalize kumsema ndipo apumue. Nilikuwa naijua kwa ndani. Nilikaa hivyo maisha yangu yote, na sasa nilikuwa nimemkalisha mtu mwingine hivyo kwa mkono wangu.

"Nilijua," nikasema.

"Ulijua nini?" Loisi akauliza.

"Nilijua hayatawatosha. Siku zote naongeza. Safari hii sikuongeza."

"Kwa nini?"

Nilimtazama machoni, katikati ya nyusi nilipasahau. "Kwa wivu."

Hapo kelele zikalipuka. Waliniita majina ambayo akina mama wa kwaya hawatakiwi kuyajua. Mmoja akaniuliza kama nina akili timamu, mwingine akasema nichukuliwe nipelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilisimama tu. Nilikuwa nadhani watu ishirini na sita wakikukasirikia kwa pamoja unakufa. Hufi. Miguu inauma, basi.

Faudhia akainuka kutoka kwenye benchi. Macho yalikuwa mekundu. Akaja mpaka mbele yangu, nikajua ananizaba kibao, na nilikuwa tayari.

"Matusi nitakutukana Jumatatu," akasema. "Sasa hivi nifundishe. Hawa wanavaa Jumapili."

Akasema hivyo kwa sauti ile ile ya kuita wateja, kila mtu akasikia. Nifundishe. Mimi ningeambiwa mbele ya umati ule kwamba miaka mitatu ya kazi yangu ilikuwa inasahihishwa na mtu mwingine, ningerudi Isongole usiku huo huo nisionekane tena. Yeye alinipa tepu, akanyanyua daftari na kalamu, akasubiri.

Nikawapima mwenyewe, mmoja mmoja, kuanzia Loisi. Tepu ilinidondoka mpaka mtu wa saba au wa nane, na kwa kuwa wote walikuwa wamenikasirikia tayari, hakukuwa na wa kunicheka. "Usivute, iache ipite kidole," nilimwambia Faudhia, naye akaandika. Mama Aziz akatoa jora la kitambaa cheusi. Tukayapasua magauni yote ubavuni na kutia vipande vyeusi toka kwapani mpaka pindo. Ijumaa tulishona, Jumamosi tulishona, watatu, maana Mama Aziz naye alikaa kwenye cherehani. Hayakuwa mazuri kama yangekuwa. Yaliwatosha. Loisi alichukua la kwake Jumamosi mchana bila kusema asante, na mpaka leo akinikuta sokoni ananiuzia maharage ya chini ya gunia.

Alipoondoka wa mwisho Faudhia akaenda kuswali. Tukabaki mimi na Mama Aziz, yeye anakunja mabaki ya kitambaa. Nilijua kazi sina tena. Labda ndiyo maana maneno yalipita.

"Mama Aziz, lile duka la Vwawa nalitaka."

Akaacha kukunja. Akakaa kwenye kigoda chake taratibu kama mtu anayeumwa mgongo.

"Unadhani mimi sioni nani anakata?" akasema. "Mimi nimeuza vitambaa miaka ishirini. Nilijua tangu gauni la yule nesi. Tangu Januari nangoja uje useme sentensi hiyo, Tumpe. Ulipokuja na habari za uzi mweusi nilikaribia kukusemea mwenyewe."

"Sasa nimesema."

"Sasa umesema." Akatikisa kichwa. "Ungesema wiki tatu zilizopita ningekupa funguo siku ile ile. Leo siwezi. Mtu akikosea nitamfundisha. Mtu akiharibu makusudi ili mwenzake aanguke, nimpe mafundi wawili awasimamie? Utabaki hapa, mbele yangu, na wateja utawapima wewe. Vwawa anaenda Faudhia."

Sikulia mbele yake. Nililia nikiwa natandaza kitambaa cha mtu mwingine, Jumatatu ya Pasaka.

Siku hiyo hiyo Faudhia alinitukana kama alivyoahidi, kwa muda mrefu, kwa Kiswahili na kwa Kirangi, na alipomaliza akanywa maji akaniomba nimwandikie kwenye karatasi jinsi ya kukadiria kifua cha mama anayenyonyesha. Nikamwandikia. Kwa wiki mbili zilizobaki alikuwa kila akipima ananigeukia, "Hivi?" Na mimi nasema, "Legeza." Wateja waliona. Hakujali kwamba waliona.

Jumamosi ya kuondoka kwake nilimsaidia kubeba cherehani mpaka kwenye gari la mizigo lililokuwa linakwenda Vwawa. Tukaipandisha, tukaifunga kwa kamba. Dereva akawasha. Faudhia alikuwa ameshika funguo za duka mkononi, hakuziweka mfukoni, na sauti yake niliyoizoea haikuwepo.

"Dada Tumpe, naogopa," akasema. "Tangu siku ile kila nikishika tepu naona nimekosea. Kule hutakuwepo."

Miaka mitatu nilikuwa nimengoja kusikia neno hilo kinywani mwake. Nilidhani siku likitoka nitashiba. "Kila kiuno ongeza mbili," nikamwambia, "mpaka mkono uzoee."

Akaitikia kwa kichwa, akapanda mbele, akafunga mlango. Gari likaingia barabarani kati ya malori. Nilisimama pale na wivu wangu wote, haukuwa umepungua hata kidogo. Alikuwa anaogopa kama mimi tu, na alikuwa anaenda.